Somo Zito na Somo Jepesi: Jawabu kwa Wazazi wa Temeke na Kinondoni

Twapenda katika karatasi hizi kujibu mas'ala ambayo wazazi wa Temeke na Kinondoni huyaleta kila mwaka, khasa pale watoto wao wanapomaliza Kidato cha Pili na kutakiwa wachague masomo watakayokwenda nayo mpaka mtihani wa Kidato cha Nne. Mas'ala yenyewe ni haya. Kijana yuko katika shule inayosomesha lugha ya Kiarabu, na shule hiyo hiyo ina somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambalo husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Ratiba haitoshi kwa yote mawili, au nguvu za kijana ndizo zisizotosha. Kiarabu ni kizito kwake, na alama zake hupatikana kwa tabu. Elimu ya Dini aiona nyepesi, kwani sehemu kubwa ameisikia tangu utotoni, chuoni na katika darsa za msikitini. Je, akiliacha la kwanza akalishika la pili, amefanya vibaya? Na mzazi akimlazimisha la kwanza, amefanya vizuri?

Yuko atakayesema kuwa hili ni jambo la shule, na waalimu wa shule ndio wa kulijibu. Sisi twaona limepita mipaka ya shule. Kijana wa miaka kumi na mitano hapa hukutana kwa mara ya kwanza na swali atakaloulizwa tena umri wake wote, kazini, katika ndoa na katika ibada: je, lililo zito ni bora kwa kuwa ni zito? Na lililo jepesi, kulichagua ni busara au ni uvivu?

Tuanze na hisabu, kwani watu wa dini aghlabu huiruka, na kijana hawezi kuiruka. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, kwa utaratibu uliozoeleka, daraja hupatikana kwa kujumlisha masomo saba ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Mwenye pointi 7 mpaka 17 ana Daraja la Kwanza. 18 mpaka 21 la Pili. 22 mpaka 25 la Tatu. 26 mpaka 33 la Nne. Sasa tuseme yuko kijana wa Mbagala mwenye B ya Kiswahili, C za Uraia, Historia, Jiografia na Kiingereza, D ya Baiolojia, na F ya Hisabati, kama wanavyoifeli Hisabati wengi wa wenzake. Jumla yake ni pointi 23, nalo ni Daraja la Tatu. Akiwa na somo la nane alilopata A, ile F ya Hisabati hutoka na ile A huingia mahali pake, akawa na pointi 19, Daraja la Pili. Lakini somo hilo la nane likiwa ni Kiarabu, na akapata D baada ya kukesha miaka miwili, atakuwa na pointi 22, na daraja lake litabaki la Tatu. Kijana kama huyu akiambiwa na mjomba wake kuwa ameikimbia lugha ya Qurani, amedhulumiwa. Hakukimbia. Amehisabu, na hisabu yake ni sahihi.

Walakini hisabu hiyo ina upande wa pili ambao wazazi wengi hawaujui mpaka siku ya kujaza fomu za chuo. Vyuo vingi vya stashahada, katika sharti zao za kumpokea mtu aliyetoka Kidato cha Nne, hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kiarabu ni lugha, kama Kifaransa na Kichina. Elimu ya Dini huhisabiwa katika masomo ya dini. Basi ile A iliyopendeza katika cheti huenda isimfae kitu mlangoni pa chuo, na D ya Kiarabu ikamfaa. Mzazi na ayajue haya mapema, kisha ndipo tuzungumze habari ya thawabu.

Ama dalili za dini katika mambo haya, ziko za pande mbili, na makosa ya wengi ni kuchukua upande mmoja na kuufunika mwingine. Anayependa wepesi hutaja yaliyopokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ya kuwa ilikuwa desturi ya Mtume (S.A.W.) kulishika lililo jepesi katika mawili anayokhiyarishwa, isipokuwa likiwa na dhambi ndani yake. Hutaja pia aya ya mwisho ya Suratul Baqara, kuwa nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake. Naye apendaye uzito hutaja hadithi nyingine ya huyo huyo Bibi Aisha, juu ya mtu asomaye Qurani kwa kusitasita na kwa mashaka, ya kwamba ana ujira mara mbili. Wote wawili wamesema kweli. Lakini tuitazame vizuri hadithi hii ya pili. Mwanzo wake humtaja mwenye kuisoma kwa umahiri, naye amewekwa pamoja na malaika watukufu. Basi mwenye mashaka analipwa kwa kusoma kwake na kwa mashaka yake, na huku kilele kinabaki ni umahiri, ambao ni kule kuondokewa na mashaka. Tabu ni njia. Aipendaye tabu kwa ajili ya tabu amesimama njiani.

Tena imepokewa ya kuwa Mtume alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili. Akauliza habari yake, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akamwamuru apande mnyama, kwani Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyu kujiadhibu nafsi yake. Wazazi wanaowasukuma watoto katika somo zito kwa sababu tu ni zito, wakidhani kuteseka kwenyewe ndiyo ibada, na waitafakari hadithi hii.

Twataka sasa kusema juu ya uzito wenyewe, kwani wengi huudhania sivyo. Mtoto wa Tandika au wa Mwananyamala hutiwa chuoni akiwa wa miaka mitano au sita. Akifika Kidato cha Kwanza amekwisha kuzisoma juzuu, na yumkini amekhitimu. Ulimi wake watofautisha sadi na sini, na sikio lake halipotei baina ya ha mbili. Kwa hivyo huingia darasa la Kiarabu akidhani yuko katikati ya safari, na mzazi hudhani vivyo hivyo. Mtihani wa kwanza ndio humfunulia kuwa kusoma ni jambo moja na kufahamu ni jingine. Huweza kuisoma Yasini yote kwa ghaibu, na ukimwonyesha neno moja ndani yake asijue kama ni kitendo au ni jina. Fedheha hii ni kubwa kwake kuliko ya Kifaransa au ya Kichina, kwani huko hakuna aliyemdhania kuwa ajua. Twaamini kuwa vijana wengi wanaokiacha Kiarabu hukiacha kwa sababu ya haya hii kabla ya kuwa ni kwa sababu ya nahau.

Na Kiswahili chetu nacho humhadaa. Kimejaa maneno ya Kiarabu, lakini yameingia kwa sheria zetu. Kitabu kwetu wingi wake ni vitabu, kwani tumeichukua ile ki ya mwanzo tukaifanya ki ya kiti na kisu. Kwa Mwarabu shina la neno ni kafu, ta na ba. Wingi wake ni kutub, na katika herufi hizo hizo hutoka katibu, maktaba na maktubu. Mwanafunzi aliyezoea kuongeza herufi mwanzoni mwa neno sasa atakiwa azione herufi tatu zilizojificha ndani yake. Kisha kuna uwili, ambao Kiswahili hakina. Kuna uume na uke wa majina. Kuna wingi usiofuata kanuni moja. Na kuna irabu za mwisho wa neno, ambazo ndizo huonyesha ni nani aliyempiga nani. Hata neno letu rahisi litamkosesha. Mwarabu asemapo rakhisi akusudia bidhaa ya bei ndogo. Jambo lisilo na tabu yeye huliita sahali, neno ambalo wazee wa pwani walikuwa wakilitumia sana. Sisi tumeichanganya bei ndogo na kukosa tabu katika neno moja, na huenda ndiyo sababu tumezoea kudhani kila kilicho sahali hakina thamani.

Tuongeze na hili: kijana huyu tayari amebeba lugha nyingine. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Arudipo nyumbani Yombo au Manzese amekwisha kusimama katika daladala saa nzima, na jioni ana kazi ya kumsaidia mama yake biashara. Anayemhukumu kuwa mvivu na ayahisabu haya kwanza.

Basi sheria yasemaje? Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, amesema katika kitabu chake Ar-Risala ya kuwa kila Mwislamu yampasa ajifunze katika lugha ya Kiarabu kiasi cha juhudi yake, ili ashuhudie kwayo, asome Qurani, na atamke dhikiri zilizofaridhishwa. Hii ni faradhi ya kila mmoja, wala haina uhusiano na Baraza la Mitihani. Kijana aliyeshika Elimu ya Dini kwa Kiswahili na akaendelea na chuo chake cha jioni hakuitupa faradhi hii. Kadhalika aliyefanya mtihani wa Kiarabu akapata A, kisha asisali, hakuitimiza. Ama nahau, sarfa, balagha na kuzama katika vitabu, hayo ni katika faradhi ya kutosheleza: wakiyasimamia watu wa kutosha, wengine husalimika, wakiyaacha wote, wote hupata dhambi.

Na hapa ndipo tulipo na khofu, wala hatutaki kuificha. Kila kijana mmoja mmoja ana udhuru wake, na udhuru huo ni wa haki. Huyu wa Mbagala ana hisabu yake, yule wa Tegeta ana safari ndefu, mwingine shule yake haina mwalimu. Hapana hata mmoja aliyekosa. Lakini yajumlishe machaguo yao miaka ishirini, utaona mtaa mzima umebaki bila mtu awezaye kufungua kitabu na kuhakikisha alichoambiwa na mhubiri. Kila mtu alichagua lililo halali, na pamoja wameanguka katika lililo haramu. Hukumu za namna hii ni ngumu kuzieleza kwa vijana, kwani hapana mlango mmoja wa kuugonga na kusema: hapa ndipo kosa lilipo.

Wala khofu hii si ya kubuni. Tafsiri ya Qurani nzima kwa Kiswahili iliyotangulia kuchapwa ilitoka mwaka 1923, na mwenye kuifanya ni Padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, aliyekuwa Unguja. Alikuwa mtu mwenye bidii, akajifunza lugha nzito ili aifanye kazi ya misheni yake, na hatuna haki ya kumlaumu kwa bidii yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, yule aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianza tafsiri yake, na mauti yakamkuta mwaka 1947 kabla hajaikamilisha. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja haikutoka mpaka mwaka 1969. Hisabu mwenyewe: tangu 1923 mpaka 1969 ni miaka 46. Katika miaka hiyo pwani haikukosa wanazuoni, lakini waliokuwa mahiri wa Kiarabu na wakati huo huo tayari kuitaabikia kalamu ya Kiswahili mpaka mwisho walikuwa wachache mno. Sheikh Farsy, hapana budi tukumbushe, alikuwa mwalimu wa shule za serikali, mtu wa chaki na madaftari kama waalimu wa watoto wetu.

Katika Sunan ya Tirmidhi imepokewa kuwa Mtume alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani na wanaomsomea barua zake, na Zayd akayamudu kwa muda wa kama nusu mwezi. Tazama ni nani aliyeamriwa. Masahaba walikuwa wengi, nao hawakuamriwa wote. Aliamriwa kijana mmoja mwenye ubongo mwepesi, na wale wengine wakaachwa na kazi zao. Twaona ndani ya kisa hiki jawabu la wazazi wetu limo: faradhi ya kutosheleza haimwangukii kila mtu kwa uzito mmoja. Wanazuoni wa fikihi wamesema ya kuwa ikiwa hapana mwingine wa kuisimamia, humlazimu yule aliyepo mwenye uwezo, kana kwamba imekuwa yake peke yake.

Kwa hivyo mzazi na amtazame mtoto wake kwa jicho la haki. Akiwa ana kipaji cha lugha, Kiingereza chake hakimsumbui, Hisabati yake inapita, na shule yake ina mwalimu wa Kiarabu anayefahamu kazi yake, huyo akichagua somo jepesi ili tu apate A nyingine ya kupamba cheti, twasema amepunja. Hakufanya haramu, lakini alipewa mali akaifungia sandukuni. Huyu na ashauriwe, tena kwa nguvu. Ama yule wa Mbagala tuliyemtaja, ambaye somo jepesi ndilo litakalomvusha kutoka Daraja la Tatu kwenda la Pili, huyo na achague jepesi kwa moyo mkunjufu, wala asisimangwe. Desturi ya Mtume iliyopokewa na Bibi Aisha yamtosha. Lakini alichague akijua sharti za vyuo tulizozitaja, na asijidanganye kuwa kwa kusoma habari za dini kwa Kiswahili amekwisha maliza deni lake la chuoni. Wallahu aalam.

Limebaki neno juu ya nia ya wazazi. Wako wanaomtaka mtoto asome Kiarabu ili aitwe ustadhi, na mama yake aitwe mama ustadhi katika maulidi. Wako wanaokitaka kwa ajili ya Ghuba, wakidhani cheti cha Kidato cha Nne kitamfikisha Maskati au Dubai na kumpa kazi. Wengine hutaja Azhar, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichoanzishwa mwaka 1961. Kutaka riziki si aibu, na kutaka mtoto aende Madina ni jambo jema. Lakini mtoto na aambiwe kweli. Huko Madina kuna maahadi ya kuwafundisha Kiarabu wasiokuwa Waarabu, na wengi watokao nchi zisizo za Kiarabu huanzia hapo. Basi mlango hauwi umefungwa kwa kijana aliyekosa Kiarabu cha shule akiwa Chang'ombe. Ukimwambia kuwa asipochagua sasa amekosa milele, umemwambia uongo, na atakapoujua hatakuamini tena hata usemapo kweli.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 inabadili mpango wa masomo, na huenda hisabu yetu ya pointi ikahitaji kuandikwa upya kwa watoto wanaokuja nyuma. Misikiti yetu haina haja ya kungojea. Baina ya Magharibi na Isha kuna muda ambao katika misikiti mingi ya Temeke hupita kwa mazungumzo. Mwalimu mmoja, ubao mmoja, na kitabu cha Al-Ajurumiya ambacho wazee wetu walianzia hicho hicho, vyatosha kwa vijana kumi waliolazimika kukiacha Kiarabu shuleni kwa sababu ya hisabu. Huko hapana pointi wala daraja, na ile haya tuliyoitaja hupungua, kwa kuwa wote waliokaa juu ya mkeka wamekuja na upungufu ule ule.

Mzazi mmoja wa Mtoni ametuuliza pia kama binti yake aachiwe somo jepesi kwa kuwa ana kazi za nyumbani. Sharti ni zile zile za ndugu yake wa kiume: kipaji, mwalimu, na hisabu ya masomo mengine. Hadithi mbili tulizotegemea hapo juu, ya wepesi na ya mashaka, zote zimetufikia kwa ulimi wa mwanamke. Na ikiwa kinachomfanya binti ashindwe ni kazi za nyumbani, basi mzazi asizifanye kuwa ndiyo hukumu ya akili yake. Amwondolee vyombo na maji ya jioni, ampe kaka yake, kwa muhula mmoja, kisha amtazame tena kabla ya fomu kurudishwa shuleni.